Ramani ya Turbo na Kilima cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimepitwa tena. Jana, kilima kile kile, kona ile ile, na mtu yule yule. Mwanyumba wangu! Alipomwoa mdogo wa mke wangu nilisema sawa, karibu kwenye ukoo. Sikujua kwamba atakaribia kwa kasi.

Kila Jumapili familia zote mbili huvuka kilima kwenda kumwamkia mama mkwe. Gari langu hupanda likihema. Watoto hunyamaza. Mke wangu huinama mbele kana kwamba anasaidia kusukuma. Halafu pi-pii! Kigari cha mwanyumba kinapita, naye anapunga mkono kwa upole. Upole huo ndio unaoniua. Angenicheka ningejua la kufanya.

Siri yake aliitoa mwenyewe mezani: turbo. Kidude kama konokono wa chuma. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni upande mmoja, na feni ya upande wa pili inaishindilia injini hewa. Hewa nyingi, nguvu nyingi. Alieleza huku akimenya chungwa, hata hakunitazama.

Sasa lililo kubwa. Alhamisi ya wiki ijayo mama mkwe anapasuliwa jicho. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa sasa anaona ukungu tu. Daktari wa macho huja hospitali ya huku kwetu mara chache sana kwa mwaka. Akiikosa siku hiyo atakaa gizani mpaka daktari arudi. Lazima afike saa tatu asubuhi. Na amesema apelekwe na nani? Na mimi!

Mwanyumba alikohoa kidogo. Akasema gari lake lina kasi zaidi. Mama mkwe akajibu kwamba anajua, lakini anamtaka huyu. Hakusema kwa nini. Nadhani ananionea huruma, na huruma siitaki. Nataka kukipanda kilima kile na mama mkwe kiti cha mbele, na mwanyumba nyuma, mbali, kama nukta.

Mpango: turbo. Mke wangu asijue.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda gereji kwa Bi Nati. Ni fundi mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, na hujisifu tangu anapofungua mlango mpaka anapofunga. Nikamwambia nataka turbo. Akauliza saizi gani. Nikasema kubwa. Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi.

Akanipa karatasi mbili, moja ya turbo ndogo na moja ya turbo kubwa. Akasema kila turbo ina ramani ya kompresa yake, ile feni inayoshindilia hewa, na mtu hanunui turbo kabla ya kusoma ramani.

Ramani! Nilitaka kumkumbatia. Mimi ni mpima ardhi. Nimekula ramani, nimelalia ramani. Mwanyumba anauza magodoro. Mungu hamtupi mja wake.

Nikazitazama. Mistari ya duara ndani ya duara, sawasawa na mistari ya mwinuko. Nikamwambia Bi Nati asijisumbue, hiki ni kilima, na kile kiduara cha katikati ndicho kilele. Akasema hapana, hicho ni kisiwa, mahali ambapo kompresa inafanya kazi vizuri bila kuchemsha hewa. Mstari wa chini unapima hewa inayovutwa na injini kwa dakika. Mstari wa kusimama unapima msukumo. Tafuta injini yako iko wapi, weka nukta, utazame kama inaangukia ndani ya visiwa. Ikiangukia kushoto, nje ya mstari ule mzito, hewa inakosa pa kwenda, inarudi nyuma, turbo inakohoa. Yeye huuita mstari wa kukohoa. Ikienda kulia kabisa, turbo imeishiwa pumzi.

Nikasema nimeelewa. Mstari wa kushoto ni ukingo wa mto, usijenge hapo. Akasema ukipenda, ndiyo.

Halafu akanishauri nichukue turbo ya karatasi ndogo, kwa sababu injini yangu ni ndogo. Hapo nikajua kwamba ufundi anao ila ardhi haijui. Mtu mwenye akili hanunui kiwanja kinachomtosha leo. Ananunua kikubwa, ajenge polepole. Nikamwambia hivyo. Akasema hewa si kiwanja, na mtu akivaa shati la baba yake kifua hakikui. Nikachukua karatasi kubwa.

Jumatano, 5 Machi

Ofisini. Nimefunga mlango, nimechonga penseli, nimepiga hesabu ya hewa. Ukubwa wa injini mara mizunguko kwa dakika. Rahisi! Nikaweka nukta yangu.

Ikaangukia mtoni. Mbali kabisa kushoto, upande wa kukohoa.

Nikapiga tena. Pale pale. Halafu nikakumbuka kwamba Bi Nati alisema injini huvuta pumzi mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo hesabu yangu ilipaswa kugawanywa kwa mbili. Nikagawanya. Nukta ikazidi kwenda kushoto. Karibu itoke kwenye karatasi!

Nikatafakari. Mtu mdogo angekata tamaa. Mimi nina uzoefu. Kiwanja kikiwa hakilingani na mchoro, mara nyingine ni jiwe la mpaka lililokaa vibaya. Basi nikalisogeza. Nimefuta nukta na kuiweka ndani ya kisiwa, katikati, pazuri, penye hewa. Pembeni nikaandika: marekebisho kwa ajili ya upanuzi wa baadaye. Ilipendeza sana.

Mchoraji mwenzangu aliingia bila kubisha hodi. Akaikodolea macho karatasi, akauliza kisiwa hicho kiko wapi na kama viwanja vimeshakwisha. Nikamwambia vimekwisha. Akasikitika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Muuza vyuma chakavu alikuwa nayo, imetoka kwenye lori lililokufa. Ramani ni ile ile ya karatasi kubwa. Tumebadilishana na pikipiki yangu iliyolala uani tangu mtoto wa mwisho hajazaliwa.

Ni nzito. Imenilazimu kuibeba kama mtoto anayekataa kuoga. Sufuria yetu kubwa ya sherehe inaingia ndani yake na nafasi inabaki.

Mke wangu amefurahi kuona pikipiki haipo. Amenisifu mbele ya watoto kwamba hatimaye baba yao ameanza kutupa takataka. Sifa ya kwanza mwaka huu. Nikainywa pamoja na chai, huku turbo imelala chini ya kitanda upande wangu.

Jumapili, 9 Machi

Tumepitwa kilimani. Safari hii nilitabasamu. Mwanyumba alishangaa, karibu aingie mtaroni.

Kwa mama mkwe mambo ni kama kawaida. Baada ya chakula huwa namzungusha kidogo na gari, yeye na mimi tu. Tangu macho yafifie ananitaka nimsimulie tunachopita. Nami namsimulia. Hapa wamepaka ukuta rangi ya samawati. Pale jirani yako ameongeza ghorofa. Yule mwenye duka amenenepa. Yeye husikiliza akiwa amefumba macho na kuuliza maswali magumu, kama vile ghorofa ina madirisha mangapi. Mpima ardhi hakosi jibu.

Leo nimemwambia kwamba Alhamisi atashangaa. Akasema asingependa kushangaa siku ya upasuaji. Hajui anachosema.

Jumanne, 11 Machi

Bi Nati amekataa kufunga turbo. Kisha amekubali. Nimemwambia nitakwenda kwa fundi mwingine, naye hawezi kuvumilia kusikia kwamba kuna fundi mwingine.

Alipoiona nukta yangu ndani ya kisiwa aliguna. Akauliza injini yangu imekua lini. Nikamweleza kuhusu marekebisho ya mpaka. Akashusha sauti, jambo ambalo halijawahi kutokea pale gereji. Akasema atafunga kwa sababu mteja ni mfalme hata akija bila taji, lakini nisimtaje kwa mtu yeyote. Na kilimani nikanyage mafuta taratibu, taratibu sana, maana hiyo injini inaishi upande wa kukohoa, nukta nimeisogeza kwenye karatasi tu.

Wivu wa kitaalamu. Nimeuzoea.

Kasoro moja ndogo: boneti haifungi. Turbo imechungulia nje kama ndugu asiyetaka kuachwa kwenye picha. Tumeifunga boneti kwa kamba. Jioni mke wangu ameuliza kamba ya kuanikia nguo imekwenda wapi. Halafu ametoka nje. Halafu amerudi.

Ameniambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Mwisho amesema mama yake amesubiri jicho hilo kwa muda mrefu, na nikiharibu siku hiyo nisimtafute yeye, nimtafute mtu wa kuniombea. Nikamwapia kwamba tutafika kabla ya daktari mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Jaribio la kwanza, barabara tambarare. Nikakanyaga mafuta. Hakuna kitu. Nikakanyaga zaidi. Hakuna. Gari limekuwa zito kuliko zamani! Mzee mwenye baiskeli akanipita na kunisalimia. Nikaendelea kukanyaga, injini ikalia, ikalia, na mshale wa mizunguko ulipofika mwisho kabisa wa kulia, vuuuu! Kitu kikanisukuma mgongoni. Sekunde moja hivi, lakini sekunde nzuri.

Nilipoinua mguu ikafanya tu-tu-tu-tu, kama kuku anayefukuzwa jikoni. Nimeamua kwamba ni sauti ya nguvu.

Mke wangu ameniita sebuleni. Mwanyumba alikuwa ameketi pale, mpole kama kawaida. Wameshapanga. Kesho mwanyumba atatufuata nyuma na gari lake, atabeba mkoba wa mama na blanketi. Nikauliza kwani gari langu halina buti. Mke wangu akasema buti linalo, ila yeye ana mama mmoja tu.

Sawa. Nilitaka awe nyuma, na nyuma ndiko atakakokuwa.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika usiku, watu wote wamelala.

Kwenda ilikuwa salama. Nilipanda taratibu, mwanyumba nyuma, hakunipita kwa sababu mke wangu alimkataza. Tukamchukua mama mkwe. Alikuwa amevaa kitenge kipya, amejifunga kilemba vizuri, amekaa kiti cha mbele na mikono mapajani. Alinukia sabuni. Akasema ameota anasoma maandishi ya kwenye mfuko wa sukari. Akaniomba nisimulie, nikaanza.

Tukafika chini ya kilima. Kwenye kioo nikamwona mwanyumba. Alikuwa karibu mno. Nikaona kama anatabasamu. Sasa nikifikiri, labda jua lilimpiga machoni. Lakini wakati ule niliona tabasamu, na mguu wangu haukuuliza ruhusa. Nikakanyaga mpaka chini!

Injini ikalia. Mama mkwe akashika mlango. Vuuuu ikaja, ndiyo, ilikuja! Tukaruka mbele, nikapiga kelele ya furaha, nikaona kwenye kioo mwanyumba anakuwa nukta. Halafu katikati ya kona, tu-tu-tu-tu-tu! Mguu sijauinua, nayo inakohoa. Gari zima linatikisika. Hewa ilikuwa inarudi ilikotoka, kama alivyosema yule mwanamke. Kisha paa! Bomba la mpira likachomoka, kamba ikakatika, boneti ikafunguka ikaziba kioo chote cha mbele. Injini ikazima.

Breki zilishika. Namshukuru Mungu, breki zilishika.

Mama mkwe akauliza tuko wapi. Mimi ambaye humsimulia kila jiwe, mbele yangu niliona boneti tu. Nikasema tuko kilimani, mama. Akauliza kama gari limekufa. Nikasema ndiyo. Akauliza saa ngapi. Nikamwambia. Hakunikemea. Alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata wangu, akasema basi nimwambie kuna nini hapo nje wakati tunangoja. Niliona aibu kiasi kwamba nilitamani lile bonde linimeze. Nikamwambia kuna maua ya manjano kando ya barabara. Na kweli yalikuwepo.

Mwanyumba alikuwa ameshafika. Hakusema nilikwambia. Alimtoa mama kwa mikono miwili, akamkalisha mbele. Mimi nikakaa nyuma, mkoba magotini, blanketi juu ya mkoba, kidevu juu ya blanketi. Kigari chake kikapanda kama hakuna kilima. Nikakichukia, na nikakiombea kisizime.

Nesi alikuwa ameshaita jina la mama mara mbili. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji alikuwa amesimama mgonjwa wa akiba, ameshavaa joho. Nilikimbia ukumbini nikipiga kelele kwamba tumefika, tumefika, nikiwa bado nimekumbatia blanketi. Nesi akanitazama, akadhani mgonjwa ni mimi.

Ameingia. Tumeambiwa jicho la kwanza limekwenda vizuri. Mke wangu, aliyekuwa akitungoja hospitali, hasemi nami. Nimekula peke yangu, na nilistahili.

Ijumaa, 14 Machi

Bandeji imetolewa leo. Ukoo mzima tulisimama kuzunguka kitanda.

Mama mkwe alipepesa jicho. Akamtazama daktari. Akamtazama mke wangu, akalia, mke wangu akalia, shemeji akalia, mwanyumba akajifanya anafunga kiatu. Mimi nililia wazi, sioni haya. Halafu akageuka kwangu. Akanitazama kwa muda. Akasema kumbe nywele zimekwisha.

Watu walicheka mpaka nesi akaja. Sawa tu. Wachekelee.

Kisha akasema jambo. Jicho la pili litapasuliwa daktari akirudi, na siku hiyo anataka apelekwe na mimi tena. Mwanyumba akafungua mdomo. Hata mke wangu alifungua mdomo, na ndipo aliponisemesha kwa mara ya kwanza, akauliza mama ana nini.

Mama mkwe akasema kwa mwanyumba mtu anafika, lakini barabara haioni. Vitu vinapita vuu, hata mwenye macho haambulii kitu. Kwangu gari linakwenda polepole, na kwa miaka hii yote ya ukungu mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Ndiyo maana alinitaka tangu mwanzo. Alitaka asubuhi ile tupande mwendo wetu wa siku zote, asikilize, asahau kisu.

Nikasimama pale kama mlingoti. Yaani mwendo wa konokono ndio niliochaguliwa!

Tena akaongeza kwamba sasa ana sababu nyingine. Anataka tupite njia ile ile, taratibu, ahakiki. Leo asubuhi jirani yake alikuja kumjulia hali, mama akamuuliza habari za ghorofa yake, akaambiwa hana ghorofa, hajawahi kuwa nayo. Ana maswali. Anaanzia kwenye madirisha ya ghorofa hiyo.

Akanitaka niape mbele ya wote kwamba lile dude halitarudi kwenye gari. Nikaapa. Kwa moyo wangu wote, nikaapa.

Jumapili, 16 Machi

Gari limevutwa mpaka kwa Bi Nati. Ametoa turbo na kunirudishia injini yangu jinsi ilivyokuwa. Hakunicheka sana, labda nusu saa tu. Akaitandika ile karatasi ndogo mbele yangu, akaweka nukta bila kuisogeza. Ikaangukia ndani ya kisiwa, vizuri kabisa. Akasema turbo ndogo huamka mapema, inasaidia gari likiwa kwenye mwendo mdogo. Kubwa huamka baadaye sana, ni ya mbio. Akauliza sasa nimeelewa.

Nimeelewa! Kwa mara ya kwanza nimeelewa kila kitu. Kosa langu lilikuwa kutafuta kiwanja kimoja.

Mama mkwe anataka polepole. Vizuri, ndogo itashughulikia polepole. Lakini baada ya kumshusha hospitali, mtu unabaki peke yako barabarani, na mwanyumba yuko nyuma. Hapo ndipo ya pili inapohitajika. Nimechukua karatasi zote mbili, nimeziunganisha kwa gundi ubavu kwa ubavu, na kisiwa cha hii kinakaribia kugusa kisiwa cha ile. Pengo ni dogo. Nimelijaza kwa penseli.

Kiapo ni kiapo. Lile dude halitarudi, na mimi si mtu wa kuvunja neno mbele ya wakwe. Ila niliapia turbo moja. Mbili hakuna aliyezitaja, na kesho nikitoka kazini nampitia muuza vyuma.